Kengele na Wasikilizaji Wake: Kufundisha Matukio ya Kujitungia katika Scratch

Watoto wanaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukwama mahali ambapo mwalimu mgeni hapatarajii. Hawakwami kwenye kurudia agizo mara kumi, wala kwenye kumwendesha mhusika mmoja kutoka upande huu wa kioo hadi upande ule. Hayo watoto wa darasa la nne huyashika katika vipindi viwili vitatu. Hukwama pale wahusika wawili wanapotakiwa kutenda kwa kupatana, huyu amalize ndipo yule aanze. Hapo utaliona darasa zima likihesabu sekunde kwa vidole na kuandika agizo la kusubiri, likikosea, likibadili namba, likikosea tena. Aghalabu mwalimu naye huwasaidia kuhesabu.

Twasema tangu mwanzo kwamba msaada huo haufai. Dawa ya jambo hili ni kumfundisha mtoto kulitangaza tukio alilolitunga mwenyewe, na kuwafundisha wahusika wengine kulisikiliza. Makala haya yanaeleza maana ya maneno hayo mawili, kutangaza na kusikiliza, na namna ya kuyafundisha katika shule ya msingi, hata pale ambapo kompyuta ni moja na watoto ni wengi.

Lugha tutakayoitumia ni Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika MIT Media Lab huko Marekani. Ilikusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16. Toleo lake la tatu lilitoka Januari 2019, nalo hupatikana bila malipo, tena laweza kuwekwa kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Maagizo yake hayaandikwi herufi kwa herufi. Ni vipande vya rangi ambavyo mtoto huviunganisha, na kila rundo la vipande vilivyoungana huitwa skripti. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Maneno yaliyo juu ya vipande huenda yasiwe haya tunayoyatumia hapa, kwa hiyo mwalimu ayasome kabla ya kuingia darasani.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kabla ya Scratch palikuwa na Logo, lugha iliyobuniwa mwaka 1967 na Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, ambayo baadaye ilivuma kwa sababu ya kobe wake achoraye mistari. Kobe mmoja hahitaji zaidi ya amri: nenda mbele, geuka kulia, nenda tena. Shida ya kupatana huzaliwa wahusika wanapokuwa wengi, kila mmoja na skripti zake, zote zikienda kwa wakati mmoja.

Kengele kwanza, kompyuta baadaye

Somo hili lianze nje ya kompyuta, kwenye kengele ya shule. Katika shule zetu nyingi kengele hiyo ni rimu kuukuu ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini, na mwenye zamu huigonga kwa kipande cha nondo. Mwalimu awaulize watoto: kengele ya mapumziko ikilia, ni nani wanaotenda jambo? Majibu yatakuja mengi. Wanafunzi hutoka madarasani. Mpishi hufunua sufuria ya uji. Mwalimu hufunga kitabu. Mama auzaye mihogo nje ya uzio hupanga vipande vyake. Kisha aulize swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: je, mwenye zamu amemwamuru mama wa mihogo apange vipande? Anajua hata kama leo amekuja?

Hapa mwalimu asiwe na haraka. Awaache watoto wabishane mpaka wenyewe waseme kwamba mwenye zamu hakumwamuru mtu yeyote. Ametoa habari kwamba saa ya mapumziko imefika, basi. Kila mwenye haja na habari hiyo alikwisha kuamua mapema atakalolifanya atakapoisikia. Mama wa mihogo asipokuja, kengele italia vilevile. Akija muuza maembe kesho, hakuna atakayekwenda kumfundisha mwenye zamu namna mpya ya kugonga. Atangazaye hawajui wasikilizaji, na wasikilizaji hawana haja ya kumjua atangazaye. Kinachowaunganisha ni tangazo tu.

Kisha watoto waonyeshwe kwamba matukio ni ya aina mbili. Yako yanayotokea bila shule kuyatunga: kunakucha, mvua inanyesha. Na iko kengele, ambayo mlio wake hauna maana yoyote mpaka watu wa shule wakubaliane kwamba mapigo haya ni mapumziko na mapigo yale ni hatari. Ndivyo ilivyo katika Scratch. Yako matukio yaliyokuja na lugha yenyewe: bendera ya kijani imebofywa, kitufe fulani kimebonyezwa, mhusika amebofywa. Hayo mtoto huyakuta tayari. Lakini hakuna mtunga lugha awezaye kujua kwamba katika hadithi ya mtoto wa darasa la tano kobe atafika mwisho wa mbio. Tukio hilo hapana budi mtoto alitunge na kulipa jina yeye mwenyewe.

Baada ya maongezi hayo uje mchezo wa kadi. Watoto sita wasimame mbele, kila mmoja na kadi iliyoandikwa agizo linaloanza na neno Nikisikia. Mmoja: Nikisikia mvua imeanza, nitafunika kichwa. Wa pili: Nikisikia mvua imeanza, nitazunguka mara nne. Wa tatu: Nikisikia jua limetoka, nitaketi. Vivyo hivyo kwa waliobaki. Mtoto wa saba ndiye mtangazaji, naye haruhusiwi kuziona kadi za wenzake. Atangaze kwa sauti, na darasa litazame.

Mambo manne yajaribiwe katika mchezo huu, kwa kuwa yote manne yatatokea kwenye kompyuta. Kwanza, tangazo moja liwaamshe wengi kwa pamoja. Pili, mtangazaji atoe tangazo ambalo hakuna kadi inayolitaja. Watoto wote watulie, wala pasiwe na kosa lolote. Tatu, mtangazaji mwenyewe apewe kadi, ili waone kwamba aweza kulisikia tangazo lake mwenyewe. La nne ndilo wanalolifurahia sana: mtoto azungukaye mara nne, akiwa amefika mzunguko wa pili, asikie tena kwamba mvua imeanza. Afanye nini? Sheria ya Scratch ni kwamba skripti ya msikilizaji huanza upya tangu mwanzo, kwa hiyo aache hesabu yake na kuanza mzunguko wa kwanza. Mtoto aliyezungushwa hivi mbele ya wenzake hatalisahau jambo hili, na siku mhusika wake atakaposhtuka na kuanza upya katikati ya wimbo atajua sababu bila kumwita mwalimu.

Mbio za sungura na kobe

Sasa twende kwenye kompyuta. Hadithi iwe ile inayojulikana na kila mtoto: sungura ajivunaye amelala chini ya mti, kobe anatembea polepole, na sungura anaamka akiwa amechelewa.

Jukwaa la Scratch lina upana wa hatua 480, kutoka namba hasi 240 upande wa kushoto hadi 240 upande wa kulia. Kobe aanzie hasi 200, naye arudie kwenda hatua 2 mpaka awe amevuka 200. Scratch huuchora mwendo wa namna hii mara 30 kwa sekunde, hivyo safari ya kobe itachukua sekunde 7 kasoro kidogo. Mtoto ambaye hajafundishwa kutangaza ataihesabu safari hiyo, kisha atamwandikia sungura: bendera ikibofywa, subiri sekunde 7, amka, shangaa. Naye atafurahi, maana kazi itaonekana kwenda sawa.

Mwalimu aje aseme: mpe kobe hatua 3 badala ya 2. Safari sasa itamalizika kwa muda wa sekunde 4 na nusu hivi, na kobe atakaa mwishoni akimngoja sungura anayeendelea kulala kana kwamba hakuna lililotokea. Darasa litacheka. Acheni licheke, kisha ulizeni: je, sungura anaamka kwa sababu kobe amefika, au kwa sababu sekunde 7 zimekwisha? Katika hadithi, kufika kwa kobe ndiko kunakomwamsha. Katika programu ya mtoto, ni saa. Programu hiyo inasema jambo ambalo hadithi haisemi, na kupatana kwake kulikuwa kwa bahati.

Marekebisho ni madogo. Katika kundi la vipande vya matukio, ambavyo rangi yake ni manjano, kuna kipande cha kutangaza. Mtoto akibofya jina lililomo ndani yake hupata nafasi ya kutunga tangazo jipya. Aandike: kobe amefika. Kipande hicho akiweke mwishoni mwa skripti ya kobe, chini kabisa, baada ya kurudia kote kwisha. Kisha aende kwa sungura, aondoe bendera na sekunde, na badala yake aweke kipande kingine cha manjano chenye kichwa cha mviringo, kile kisemacho nikipokea, nacho akichagulie jina lilelile. Basi. Sasa kobe apewe hatua 1, hatua 3 au hatua 10. Sungura ataamka palepale kobe anapovuka mstari.

Wanachuo wengi husimama hapo na kuhesabu kwamba somo limekwisha, kumbe tunda lake bado halijachumwa. Mwalimu awaambie watoto waongeze ndovu mtazamaji ambaye atapiga kelele kobe akifika. Wataongeza ndovu na skripti yake. Waongeze na mandhari ya jukwaa: kobe akifika, mchana uwe jioni. Jukwaa nalo husikiliza, kwa hiyo wataweka skripti ndani ya jukwaa. Halafu awaulize: ni mara ngapi mmeigusa skripti ya kobe? Hawajaigusa hata mara moja. Yule ndovu akifutwa, kobe hataharibika.

Jina la tangazo

Waswahili husema la mgambo likilia lina jambo. Ni kweli, lakini katika programu lazima lisikike ni jambo gani. Scratch huja na tangazo moja lililokwisha kupewa jina, ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema ujumbe 1, na watoto wasipozuiwa watakuwa na ujumbe 1, ujumbe 2, ujumbe 3, mpaka wasijue kipi ni kipi. Jina hilo la kukuta tulipige marufuku tangu kipindi cha kwanza.

Tatizo la pili ni la ndani zaidi. Mtoto akiachwa atalipa tangazo jina la amri: sungura amka. Programu itakwenda, maana kompyuta haijali majina. Lakini ukiongeza ndovu, ndovu atakuwa anapiga kelele kila asikiapo sungura amka, na jukwaa linageuka jioni kila lisikiapo sungura amka, jambo ambalo halina maana kwa asomaye. Tena kobe amekwisha kupewa kazi isiyo yake, ya kumsimamia sungura. Mhusika atangaze lililompata yeye, asitangaze analotaka wengine wafanye.

Hapa lugha yetu inatusaidia kwa namna ambayo mwalimu wa Kiswahili ataipenda. Tangazo jema karibu daima hubeba kiambishi cha -me-: kobe amefika, mlango umefunguka, embe limeanguka, maisha yamekwisha. Skripti ya msikilizaji karibu daima hubeba -ki-: nikipokea, nikisikia. Mwalimu aandike safu mbili ubaoni, moja ya -me- na nyingine ya -ki-, na kila tangazo linalopendekezwa na watoto lipite kwenye mtihani huo. Lisilokubali -me- huwa ni amri iliyojificha. Twaamini kwamba sarufi iliyofundishwa hivi hukaa kuliko ile ya zoezi la kujaza nafasi wazi.

Jambo dogo la kuangalia: mtoto mmoja akitunga kobe amefika, na mwingine akitunga kobe amewasili, hayo ni matangazo mawili, hata kama Kiswahili chake ni kimoja. Scratch haitasema kuna kosa. Itanyamaza, kama watoto walivyonyamaza katika mchezo wa kadi. Mhusika asipoitikia, hilo ndilo la kwanza kutazamwa.

Mambo yanayotatiza

Kiko kipande cha pili cha kutangaza, kisemacho tangaza na usubiri. Tofauti yake ni kwamba mtangazaji husimama mpaka skripti za wasikilizaji wote ziishe, ndipo aendelee. Hiki hufaa sana kwa mazungumzo na kwa hadithi zenye maonyesho yanayofuatana. Hatari yake ni moja: msikilizaji mmoja akiwa na agizo la kurudia daima, mtangazaji atasubiri daima. Watoto hudhani kompyuta imeharibika.

Tena, tangazo la Scratch halibebi mzigo. Linasema kobe amefika. Haliwezi kusema kobe amefika akiwa na alama 12. Namba kama hiyo huwekwa katika kigeugeu kilichoundwa kwa wahusika wote, si kwa mhusika mmoja, na kila msikilizaji huisoma humo. Mtangazaji aiandike namba kwanza, ndipo atangaze.

Wakati mwingine matangazo mawili huitana bila mwisho, la kwanza likiliamsha la pili na la pili likiliamsha la kwanza. Hilo halihitaji somo. Mtoto akichora mishale kati ya wahusika kwenye daftari ataona duara mwenyewe.

Haya yote si mambo ya watoto peke yao. JavaScript, lugha ya skripti iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, nayo leo huendesha sehemu kubwa ya kurasa tunazozisoma katika intaneti, ina utaratibu huohuo: mwandishi hutunga tukio na kulipa jina, humwandikisha msikilizaji kwa jina hilo, kisha hulitangaza. Tofauti ni kwamba tukio la JavaScript laweza kubeba mzigo wa habari ndani yake, na msikilizaji aliyeandikishwa aweza baadaye kufutwa asisikie tena. Katika Scratch msikilizaji hafutwi. Akitakiwa asiitikie, hana budi kuwekewa sharti ndani ya skripti yake. Mwanafunzi atakayekutana na JavaScript sekondari atakuta maneno mapya, lakini wazo atakuwa analo.

Kwa madarasa ya chini, yaani watoto wa miaka 5 hadi 7, ipo ScratchJr iliyotolewa mwaka 2014. Humo tangazo halina jina bali rangi: mhusika hutuma bahasha ya rangi fulani, na mwenye kungoja rangi hiyo huanza kazi yake. Mtoto asiyejua kusoma bado aweza kuucheza mchezo wetu wa kadi kwa kadi za rangi.

Kompyuta moja, watoto hamsini

Wengi wenu mtakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule zenye kompyuta moja, nayo huenda ikawa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Hali hiyo, ambayo kwa masomo mengine ya kompyuta ni kikwazo, kwa somo hili ina faida yake. Ligawanyeni darasa katika makundi kwa kufuata wahusika: kundi la kobe, kundi la sungura, kundi la ndovu, kundi la jukwaa. Kabla ya kundi lolote kuandika chochote, darasa zima likubaliane orodha ya matangazo, na orodha hiyo ikae ubaoni mpaka kazi iishe. Kisha kila kundi liandike skripti za mhusika wake kwenye karatasi, bila kuziona karatasi za makundi mengine. Mwishowe kila kundi lituma mjumbe wake kuziingiza skripti hizo kwenye kompyuta kwa zamu, na bendera ibofywe mbele ya wote.

Mara ya kwanza kitu hakitakwenda. Aghalabu kundi moja litakuwa limetangaza jambo lisilo kwenye orodha, au kundi jingine linangoja tangazo ambalo hakuna anayelitoa. Mwalimu asiende kwenye kompyuta kusahihisha. Ashike chaki, aende kwenye orodha, na kwa kila jina aulize maswali mawili: nani analitangaza, na nani analisikiliza? Jina lisilo na mtangazaji litajulikana papo hapo.

Katika kusahihisha kazi za makundi, alama zisitolewe kwa sababu programu imekwenda peke yake, maana ile ya sekunde 7 nayo ilikwenda. Mwalimu abadili kasi ya kobe, abofye bendera, na atazame kama sungura bado anaamka kwa wakati. Halafu amfute ndovu, abofye tena. Kundi ambalo programu yake imesimama baada ya majaribio hayo mawili lipewe alama zote, hata kama kobe wao amechorwa vibaya.